Mwaka 2020 umepita na Kibo bado nyeupe: je, tulidanganywa?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, naishi Dar es Salaam. Nikiwa sekondari mwalimu wetu wa jiografia alituambia theluji ya Kilimanjaro itakuwa imeisha ifikapo 2015. Baadaye nikasikia redioni kwamba ni 2020. Krismasi iliyopita nimepeleka watoto nyumbani. Asubuhi ya tarehe 26 tumeamka mlima mweupe pe, kuliko ninavyoukumbuka. Binti yangu akaniuliza, 'Baba, si ulisema imeisha?' Mjomba wangu anasema hizo ni hadithi za Wazungu za kutafutia fedha za miradi. Baba yangu anasema mlima umekasirika kwa sababu vijana hawana heshima. Diwani wetu anasema tukipanda miti ya kutosha theluji yote itarudi. Mimi ni mtu wa kuhoji, simezi kitu kizimakizima. Kati ya hao nani mkweli?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Binti yako kauliza swali zuri kuliko waandishi wengi walionipigia simu kuhusu mlima huo, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Nianze na ulichokiona, maana macho yako hayakukudanganya. Kilichotuponza ni lugha. Tunayo maneno mawili, theluji na barafu, lakini tukifika Kilimanjaro tunayatumia kama ni kitu kimoja. Theluji ni ile inayoshuka kutoka mawinguni, laini kama unga, inayoweza kuufunika mlima mzima usiku mmoja na baada ya siku chache isiwepo. Barafu ambayo wataalamu wanaipima ni kitu kingine kabisa: ni theluji ya zamani iliyolundikana mwaka juu ya mwaka, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe hadi ikawa ngumu kama jabali, yenye kuta zilizosimama wima na kimo cha jengo la ghorofa kadhaa. Wapagazi hawachanganyi mambo haya. Wanajua theluji ni ya leo, na wanajua barafu ya Kibo, kile kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, ilikuwa wapi walipoanza kazi na sasa imeishia wapi.

Desemba ni mwisho wa vuli. Vuli ikiwa nzuri, mvua inayowanyeshea ninyi Marangu, kule juu huanguka ikiwa theluji. Kwa hiyo asubuhi ile mlichokiona ni mvua ya jana yake iliyovaa nguo nyeupe. Ungerudi Septemba, mwisho wa kiangazi, ungeona mlima wa kahawia wenye vipande vichache vyeupe vilivyong'ang'ania kileleni na mabegani. Vile vipande ndivyo vilivyotabiriwa kuisha. Mlima kuwa mweupe Desemba hauthibitishi kwamba barafu ipo, kama ambavyo mlima wa kahawia Septemba hauthibitishi kwamba theluji haitaanguka tena. Hata barafu ikiisha yote, wajukuu zako wataamka Krismasi fulani na kukuta Kibo imefunikwa.

Na kwa kuwa umejitambulisha kama mtu wa kuhoji, nikukumbushe kwamba mlima wenu ulikwishawapitisha watu wa kuhoji kwenye mtihani mara moja, nao wakafeli. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kuelekea Uchagga na msafara uliotoka Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomuuliza kiongozi wake, mtu yule hakuwa na jina la kitu kile, akasema tu ni "baridi". Rebmann akaandika kwamba ni theluji, digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Habari ilipofika London, mwanajiografia mmoja maarufu, William Desborough Cooley, akaikataa katakata. Theluji ikweta? Haiwezekani. Huyo mmisionari ana matatizo ya macho au ya akili. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa na ramani, vitabu na kujiamini kwingi. Ilibidi mwaka 1862 mpelelezi Mjerumani, Karl Klaus von der Decken, apande hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji imwangukie usiku ndipo mjadala ufifie, na hata hapo Cooley hakusalimu amri kirahisi.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu Cooley alijiona ndiye mwenye akili ya kisayansi pale. Alidai ushahidi, alikataa maneno ya kusikia. Tatizo lake ni kwamba shaka yake ilielekea upande mmoja tu. Aliwahoji walioona mlima, lakini hakuwahi kuihoji imani yake mwenyewe kwamba joto la ikweta haliwezi kuishi jirani na theluji. Leo kipande cha barafu upande wa kusini wa Kibo kinaitwa barafuto la Rebmann, nacho kimebaki masalia tu.

Sasa twende kwenye ule mwaka 2015 na 2020, maana hapo ndipo ulipodaiwa deni ambalo si lako.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 timu ya Mmarekani Lonnie Thompson, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ilipanda Kibo na mashine za kutoboa, ikachimba nguzo sita za barafu kutoka juu hadi kwenye mwamba. Ndefu kuliko zote ilikuwa na urefu wa kama mita 50. Wapagazi wakazishusha mgongoni, na mpaka leo ziko kwenye majokofu kule Ohio. (Nikipita mbele ya picha za Kilimanjaro zilizotundikwa hotelini huwa najiuliza ni wageni wangapi wanajua kwamba kipande cha mlima huo kiko ughaibuni, hakina viza na hakiyeyuki.) Kwa hesabu ya Thompson, barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka karibu 11,700.

Pamoja na hayo walikuwa na ramani za eneo la barafu lililopimwa kwa nyakati tofauti. Mwaka 1912 kulikuwa na karibu kilomita 12 za mraba. Mwaka 1953 zilibaki 6.7. Mwaka 1976, 4.2. Mwaka 1989, 3.3. Mwaka 2000, takriban 2.5. Ukiziweka nukta hizo kwenye karatasi, zinakaa karibu katika mstari ulionyooka. Ukiurefusha mstari huo kwa rula, unagonga sifuri mahali fulani kati ya 2015 na 2020. Thompson na wenzake walichapisha hilo mwaka 2002 katika jarida la Science, wakiweka sharti: kama hali iliyopo itaendelea hivyohivyo.

Lile sharti ndilo lililokufa njiani. Mwaka 2006 Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alitoa filamu yake kuhusu ongezeko la joto na kusema ndani ya muongo mmoja hakutakuwa tena na theluji Kilimanjaro. Angalia kilichotokea: "barafu" imekuwa "theluji", "kama hali itaendelea" imetoweka, na mstari wa rula umekuwa tarehe ya kufungasha virago. Kutoka kwenye filamu ikaingia magazetini, kutoka magazetini ikaingia redioni, kutoka redioni ikaingia darasani kwenu. Mwalimu wako hakukudanganya. Alipokea mzigo ukiwa umeshafunguliwa na kupunguzwa.

Mimi mwenyewe nimeshiriki dhambi hiyo. Zamani kidogo mwandishi mmoja alinipigia simu kuhusu Kilimanjaro. Nikamweleza kwa robo saa: tofauti ya theluji na barafu, ukavu, miale ya jua, mipaka ya utabiri. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwalimu, sasa nipe mwaka." Nikamwambia hakuna mwaka mmoja. "Nipe wowote, mhariri anataka mwaka." Nikachoka, nikataja mmoja. Kesho yake mwaka ule ulikuwa kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na ile robo saa yote haikuonekana popote.

Je, rula ilikosea wapi? Kipande cha barafu hakipungui kama akaunti inayokatwa kiasi kilekile kila mwezi. Fikiria mche wa sabuni ulioachwa juani. Kingo huliwa upesi, katikati ambako ni pana na nene hukawia. Barafu ya mabegani na miteremkoni iliondoka mapema, ile iliyokaa juu ya uwanda wa kilele, hasa upande wa kaskazini, ina unene wa kuvumilia. Mwaka 2013 timu ya mtafiti wa barafu Nicolas Cullen ilichora upya ramani zote kwa picha bora za setilaiti. Wakakuta mwaka 2011 imebaki kilomita za mraba 1.76, yaani viwanja vya mpira kama 250 hivi, na kwamba tangu 1912 imepotea asilimia 85. Makadirio yao ni kwamba sehemu kubwa itakuwa imeondoka kufikia 2040, na masalia ya mwisho yanaweza kusogea hadi karibu 2060. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilitaja miaka ya 2040. UNESCO mwaka 2022 ikasema kabla ya 2050.

Kwa hiyo tarehe ya kwanza ilikosewa, na kwa kiasi kikubwa. Wanaosema "ilikosewa kidogo tu" wananiudhi sawa na wanaosema "yote ni uongo". Ukiahidi 2020 na deni likalipwa 2045, mkopeshaji yeyote Kariakoo atakuambia hukutimiza ahadi. Lakini deni lipo. Hakuna kipimo hata kimoja tangu 1912 kilichokuta barafu imeongezeka kuliko kipimo kilichotangulia. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni 1889 kwa ngazi zilizokatwa kwenye barafu kwa shoka, aliporudi 1898 alikuta imeshaanza kurudi nyuma. Leo mgeni anayepanda kwa njia ya kwenu Marangu anafika ukingo wa shimo la Kibo bila kukanyaga barafu, kama hakuna theluji mpya.

Hapa mjomba wako anastahili kusikilizwa kidogo, kwa sababu kuna swali zuri ndani ya tuhuma yake: nani anafaidika na habari hii? Ni kweli picha ya Kilimanjaro inauza. Inauza filamu, inauza michango, na siku hizi inauza hata safari: "panda kabla haijaisha". Lakini nadharia ya mjomba ina tundu. Kama wanasayansi wangekuwa genge lenye kauli moja, wasingegombana hadharani. Nao waligombana. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, pamoja na wenzake walichapisha hoja kwamba simulizi ya "joto limepanda, barafu inayeyuka" haifai kwa Kibo. Walikuwa na vipimo, vikiwemo vya mtambo wa hali ya hewa uliowekwa na mtafiti Douglas Hardy juu ya barafu yenyewe mwaka 2000.

Hoja yao ni tamu, nitaieleza. Kileleni wastani wa joto la hewa ni kama digrii saba chini ya sifuri. Hewa ya baridi namna hiyo haiyeyushi barafu. Kinachoila ni jua lenyewe pamoja na ukavu. Unavijua vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kufukuza mende na nondo? Vinapungua siku hadi siku bila kulowesha nguo, kwa sababu vinageuka hewa moja kwa moja bila kupitia maji. Barafu ya Kibo hufanya hivyohivyo: jua kali linaipiga kwenye zile kuta wima, nayo inageuka mvuke na kupeperuka. Njia hiyo inahitaji nishati kama mara nane ya ile ya kuyeyusha, ndiyo maana inakwenda polepole.

Kinachoilinda barafu ni theluji mpya. Theluji nyeupe inarudisha mwanga wa jua angani, ni kama shuka lililotandikwa juu yake. Mawingu na theluji vikipungua, barafu ya zamani yenye vumbi na majivu inabaki wazi, inanyonya jua. Na sisi tunajua mawingu yalipungua lini. Ziwa Victoria lilikuwa limejaa mno miaka ya 1870, na kuanzia karibu 1880 Afrika Mashariki ikaingia kipindi kikavu zaidi. Barafu ya Kibo ilikuwa mtoto wa enzi ya unyevu, na enzi ile ilipokwisha ikabaki yatima. Rudi kwenye tarakimu nilizokupa: karibu nusu ya barafu ya 1912 ilikuwa imeshaondoka kufikia 1953, kabla moshi wa viwanda haujafika kiwango cha kuupa joto ulimwengu kwa namna tunayoiona leo.

Mwaka 2007 jambo hili lilifika hata mahakamani. Mzazi mmoja Uingereza alipinga ile filamu ya Gore kuonyeshwa shuleni. Jaji Burton wa Mahakama Kuu ya London aliruhusu ionyeshwe, lakini walimu wapewe maelezo ya kuambatana nayo, akaorodhesha mambo tisa ambayo filamu iliyavusha mpaka wa ushahidi. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo: haikuwa imethibitishwa kwamba kurudi nyuma kwa theluji yake kunasababishwa hasa na binadamu. Nilipoisoma habari hiyo niliona jaji ametenda haki.

Sasa usikimbilie kwa mjomba kushangilia. Kaser hakusema binadamu hana hatia duniani, alisema ushahidi wa kesi hii mahususi umepangwa vibaya. Tangu wakati huo mengine yameongezeka. Thompson aliporudi kuzichunguza nguzo zake, alikuta kwenye sentimeta 65 za juu kuna vipovu vya hewa vilivyorefuka, alama ya barafu kuyeyuka na kuganda tena. Chini ya hapo, katika sehemu yote iliyobaki ya nguzo, alama hiyo hakuikuta. Ina maana uso wa Kibo umeanza kuona maji kwa namna isiyo ya kawaida yake. Halafu toka nje ya Kilimanjaro. Mlima Kenya, Mwingereza Mackinder alipoupanda 1899, ulikuwa na mabarafuto 18, leo yamebaki machache na madogo, na ripoti ile ya 2021 inaupa muongo mmoja pungufu kuliko Kibo. Ruwenzori ilikuwa na karibu kilomita 6.5 za mraba mwaka 1906, kufikia 2003 haikufika kilomita moja. Milima mitatu, urefu tofauti, unyevu tofauti, mwelekeo mmoja. Hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 za kaboni dayoksaidi kwa kila milioni kabla ya viwanda, sasa zimepita 420, na dunia imepata joto la zaidi ya digrii moja. Bahari ya Hindi, inayotuletea mvua, nayo imepata joto.

Kwa hiyo ukinibana nitasema hivi: ukavu wa asili ndio uliofungua mlango mwaka 1880, na sisi binadamu ndio tunaohakikisha haufungwi. Sehemu ya kila mmoja siwezi kukupimia kwa mizani. Na hao "sisi" wagawanywe vizuri, maana Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa hizo. Mzee wako hapo Marangu hajachangia hata kijiko.

Baba yako nimemwacha makusudi, kwa sababu kauli yake ndiyo rahisi kuicheka na ndiyo nisiyopenda ichekwe. Wazee wa Uchagga hawautazami mlima kama sisi tunaoupima. Unakijua kisa cha Mawenzi, kile kilele cha pili cha mlima, kwenda kuomba kaa la moto kwa Kibo, kisha kurudi tena na tena mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi akamtwanga, na ndiyo maana Mawenzi ana meno hadi leo. Katika kisa hicho mlima ni jirani mwenye tabia, na jirani huudhika ukimzidishia. Mimi siamini kwamba jabali hukasirika. Lakini muulize mzee, "Umeona nini?" badala ya "Unaamini nini?", nami nina hakika utapata orodha: mfongo, ule mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba, uliokuwa ukijaa sasa unasikika kwa kusikiliza, mahindi yanakubali mahali ambapo zamani yalikuwa yanadumaa kwa baridi, mbu amepanda. Huo ni ushahidi. Unahitaji kuchambuliwa, basi.

Tuchambue mfongo tu, maana hapa ndipo habari zote za theluji zimetupoteza njia kwa miaka ishirini. Watu wengi wanaamini maji ya Kilimanjaro yanatoka kwenye barafu: barafu ikiisha, mito imekwisha. Nimelisikia hili kwenye hotuba na kulisoma vitabuni. Si kweli kwa kiasi chochote cha maana. Barafu ni ndogo mno, na kama nilivyosema, sehemu kubwa yake inapotelea hewani bila kuwa maji. Mvua yenyewe haipendi kilele. Upande wa kusini, ndani ya msitu kwenye mita 2,200 hivi, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na kileleni inafika sehemu ndogo tu ya hiyo. Mito yenu, mifongo, chemchemi za Amboseli upande wa Kenya, maji yanayoteremka kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, mama yao ni msitu.

Na msitu haupokei mvua peke yake. Pale juu unapopakana na nyika ya mlimani, kuna miti ya erika na ndevu zake za kuvumwani zinazoning'inia. Ukungu ukipita, ndevu zile zinaukamata, matone yanaanguka chini siku nzima hata kama hakuna mvua. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Bayreuth, Ujerumani, ametembea mlima huo kwa miongo mingi akipima jambo hili, na alichokionyesha ni kwamba moto umeusukuma mpaka wa juu wa msitu kushuka chini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2016 kwamba tangu 1976 moto umeteketeza hekta 13,000 za msitu wa mlima, na maji yaliyopotea kwa ukungu usiokamatwa yanatosha watu milioni moja kunywa mwaka mzima. Hali ya ukavu inaurahisishia moto kazi, ila kiberiti ni cha mtu: mrina asali anayefukiza nyuki, mchoma mkaa, jiko la kambini. Oktoba 2020, mwaka uleule tuliokuwa tukiusubiri barafu iishe, mlima uliwaka siku nyingi na watu wa mikoa ya jirani waliuona moto usiku. Nilitamani moto ule ungepewa vichwa vya habari nusu ya vilivyopewa theluji.

Ongeza na watu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 650,000 katika mkoa wa Kilimanjaro, ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.8. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu. Mabomba yamechukua maji yaliyokuwa yakiingia mfongoni. Kwa hiyo baba yako anapounganisha maji na tabia za watu, hayuko mbali. Amekosea anwani tu, alipopeleka lawama kileleni badala ya kwenye ule ukanda wa msitu tunaouita Nusu Maili, na kule juu yake.

Diwani je? Nia yake nzuri, fizikia yake mbovu. Miti ya kijijini haitarudisha barafu ya Kibo. Kinachoamua theluji ya kileleni ni unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na huo hautajua kama kata yenu imepanda miche elfu kumi. Namwogopea jambo moja zaidi: akiwaahidi watu theluji, na theluji isirudi, watang'oa miti kwa hasira, na miti ile ilikuwa na faida yake halisi. Tena muulize ni miti gani. Mgrivea una kivuli na mbao. Mkaratusi ukiupanda kwenye chanzo cha maji umejipandia mnywaji. Wala mmoja wao hauwezi kufanya kazi ya msitu wa asili wenye mkulo na erika. Kama diwani anataka jambo la kugombea, agombee kuzuia moto kule juu na kuacha msitu ulioungua ujiotee wenyewe.

Umeuliza nani mkweli kati ya hao watatu. Mjomba ana swali zuri na jibu baya. Baba ana macho mazuri na maelezo ya wazee. Diwani ana dawa nzuri ya ugonjwa mwingine.

Binti yako mfanyie hivi. Chagua mahali pamoja nyumbani ambapo Kibo inaonekana bila mti kuziba, uweke hata jiwe la alama. Kila mwaka katikati ya Septemba, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda, mtu wa nyumbani asimame pale na kupiga picha kwa simu, bila kuvuta karibu. Kama wiki hiyo theluji imeanguka, asubiri iondoke. Picha zitumwe kwa binti, naye azipange kwa tarehe. Miaka miwili mitatu ya kwanza hataona tofauti na atakuambia kazi hii inachosha. Mwambie aendelee, na kila picha aangalie pia mstari ule ambapo kijani cha msitu kinaishia na kahawia inaanza, kwa sababu huo unaweza kusogea kabla barafu haijasogea.